Mbwa mzee anapochechemea, usimpe kidonge cha bibi

Ni asubuhi ya masika Nyamisati, wilayani Kibiti. Mvua imenyesha usiku kucha, ua mzima ni matope, na bandarini abiria wa Mafia wamejikunyata wakisubiri boti. Bibi anatoka chumbani kwa hatua fupi, mkono mmoja ukutani. Magoti yamemkaza. Nje, chini ya upenu wa jiko, mbwa wa nyumbani aitwaye Jeki naye anajaribu kusimama. Anainua kifua, anasita, kisha anavuta miguu ya nyuma taratibu kama vile si yake.

Bibi anafungua kopo lake la dawa na kumeza kidonge kwa chai. Mjukuu wa miaka tisa anamtazama, halafu anamtazama mbwa.

"Bibi, si tumpe na Jeki kimoja? Naye magoti yanamuuma."

Familia hii ni ya mfano tu, lakini nyumba yoyote yenye mbwa mzee na kopo la dawa inaweza kufika hapo. Mtoto huyo ameona vizuri kuliko watu wazima wengi, kwa kuwa ametambua kuwa mbwa anaumwa. Amekosea jambo moja tu, nalo ndilo linaloweza kumuua Jeki. Ni kile kidonge.

Mlinzi wa shamba naye huzeeka

Katika delta ya Rufiji mbwa hafugwi kwa urembo. Wakulima wa mpunga hukaa msimu mzima kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori, nyani na tumbili. Mbwa hulala chini ya dungu na ndiye wa kwanza kusikia. Hata katika nyumba za Waislamu, ambako mbwa haingii ndani na chombo alicholamba huoshwa kwa utaratibu wake, kufuga mbwa wa kulinda shamba, mifugo au wa kuwinda ni jambo linalojulikana na kukubalika.

Kazi hiyo ina gharama yake mwilini. Miaka ya kukimbia kwenye majaruba, kuruka mitaro, kuanguka, kugongwa na pikipiki na kupona bila kutibiwa, yote hubaki kwenye viungo. Mbwa akifikisha miaka saba au minane, viungo huanza kudai deni. Mbwa wakubwa wa mwili hudaiwa mapema zaidi.

Ugonjwa unaowapata ni ule ule unaomsumbua bibi. Wengi huuita baridi yabisi, ingawa baridi siyo inayouleta. Mwisho wa kila mfupa kwenye kiungo umefunikwa na gegedu, tabaka laini linalofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Gegedu likichakaa, kiungo huvimba kwa ndani, mfupa huota vijinundu pembeni na kila hatua huuma. Gegedu lililoisha halirudi. Kwa hiyo lengo la matibabu ni kupunguza maumivu na kumwezesha mbwa aendelee kutembea.

Dalili ambazo mtoto huziona mapema

Wazazi wengi husubiri mbwa alie ndipo waamini kuwa anaumwa. Mbwa mwenye maumivu ya viungo mara nyingi halii. Anakula kama kawaida na anatingisha mkia. Maumivu yake huonekana kwenye mwenendo, na anayeujua zaidi ni mtoto anayeshinda naye uani.

Muulize mwanao maswali haya:

Je, mbwa huamka akiwa amekakamaa, kisha akawa nafuu akishatembea kidogo? Hiyo ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote.

Je, siku hizi hubaki nyuma mkienda shambani, au hukaa chini njiani?

Je, ameacha kuruka mahali alipozoea kuruka, kama kizingiti, mtaro au ukingo wa mtumbwi?

Je, hulamba sehemu moja ya mguu kila mara mpaka manyoya yakanyonyoka?

Je, paja moja limekuwa jembamba kuliko jingine? Mguu usiotumika hupoteza nyama.

Je, hunguruma akiguswa kiunoni, wakati zamani hakuwa hivyo?

Majibu mawili au matatu ya "ndiyo" yanatosha kumtafuta daktari wa mifugo. Kabla ya kwenda, chukua simu unayosomea makala hii na umrekodi mbwa akitembea kwa nusu dakika, kwanza kwa pembeni, kisha kwa nyuma, na pia wakati anapoinuka asubuhi. Mbwa wengi wakifika kwa daktari huficha kuchechemea kwa sababu ya woga. Na kama daktari yuko mbali, video hiyo inaweza kufika kwake kabla ya mbwa.

Si kila kuchechemea ni uzee. Mwiba, kucha iliyokatika, mfupa uliovunjika au jipu huweza kumfanya mbwa asikanyage. Yapo pia magonjwa yanayoenezwa na kupe ambayo huleta homa na maumivu ya viungo hata kwa mbwa kijana. Hii ndiyo sababu ya kupima kwanza, kwani dawa ya maumivu ikitolewa kabla ya kupima inaweza kuficha ugonjwa unaotibika.

Kidonge cha bibi kina nini?

Dawa nyingi za magoti zinazokaa majumbani ni diklofenaki, ibuprofeni au parasetamoli. Kwa binadamu, zikitumiwa kwa maelekezo, husaidia. Mwili wa mbwa huzishughulikia kwa namna tofauti, na baadhi hukaa kwenye damu yake kwa muda mrefu kuliko kwa binadamu.

Piga hesabu ndogo. Mtu mwenye kilo 60 akimeza ibuprofeni ya miligramu 400, amepata chini ya miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili wake. Mbwa wa kilo 15 akipewa kidonge hicho hicho, amepata karibu miligramu 27 kwa kila kilo, yaani mara nne. Na kwa kuwa mbwa huonekana amechangamka siku ya kwanza, kesho yake hupewa kingine.

Diklofenaki na ibuprofeni huharibu ukuta wa tumbo la mbwa. Hupata vidonda, vidonda hutoa damu, na wakati mwingine tumbo hutoboka. Kiwango kikiwa kikubwa figo nazo hushindwa kazi. Dalili ni kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi kama lami, kulegea na ufizi kuwa mweupe.

Parasetamoli nayo si salama kwa kukisia. Kipimo kikizidi, huharibu ini na uwezo wa damu kubeba hewa. Daktari wa mifugo anaweza kuitumia kwa mbwa kwa kipimo anachokijua yeye. Kwa paka, kidonge kimoja tu kinaweza kuua.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya watu hununua deksamethasoni au prednisoloni dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo. Dawa hizo zikichanganywa na diklofenaki, hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka sana. Dawa za kuchua pia zina shida yake, kwa kuwa mbwa hulamba. Unachompaka mguuni jioni, usiku kiko tumboni.

Oili chafu ya injini na mafuta ya taa, ambavyo wapo wanaompaka mbwa kwa kila ugonjwa, haviponyi kiungo. Huunguza ngozi na kumdhuru akivilamba.

Ikiwa mbwa ameshapewa au ameiba dawa, usisubiri dalili. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, mwambie jina la dawa, idadi ya vidonge, saa na uzito wa mbwa kwa kukadiria. Hifadhi pakiti. Usimlazimishe kutapika kwa kumnywesha chumvi, na usimpe dawa nyingine ya kuondoa ile ya kwanza.

Mzazi, kopo linalofikiwa na mtoto kwa ajili ya mbwa linafikiwa pia kwa ajili ya mdogo wake. Dawa za bibi zikae juu, ndani ya kitu kinachofungwa.

Nafuu inayoanzia nyumbani

Mengi yanayomsaidia mbwa mwenye viungo vibovu hayanunuliwi dukani.

*Malazi.* Saruji baridi na udongo uliolowa humkaza zaidi. Chukua gunia, lijaze nyasi kavu au mabua ya mpunga, uliweke pakavu pasipopita upepo, juu kidogo ya ardhi ili maji ya mvua yasilifikie. Lifungue na kulianika juani mara kwa mara, na ubadilishe mabua, la sivyo litageuka nyumba ya viroboto na kupe. Kazi hii mtoto wa miaka tisa anaiweza, naye atajiona ametibu.

*Joto.* Asubuhi ya baridi, jaza chupa ya plastiki maji ya uvuguvugu, izungushie kipande cha kanga, uiweke kwenye kiungo kinachouma kwa dakika 10 hadi 15. Jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako. Ikikuunguza wewe, itamuunguza naye. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, na mbwa akiondoka aachwe. Kiungo kilichovimba ghafla na kuwa cha moto hakihitaji chupa hiyo, bali daktari.

*Uzito.* Kwa mbwa wa mjini anayekula mabaki ya watu sita, hii ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuugua. Utafiti mwingine ulionyesha kuwa mbwa mnene akipunguza kidogo tu, kiasi cha asilimia 6 ya uzito wake, kuchechemea hupungua.

Kwa mbwa wa Nyamisati tatizo mara nyingi ni la upande wa pili. Ni mwembamba, na misuli inayopaswa kushikilia kiungo imekwisha. Huyo aongezewe kitoweo. Vichwa vya samaki vichemshwe na miiba mikubwa iondolewe, au dagaa wachanganywe kwenye ugali. Mafuta ya samaki ni miongoni mwa vitu vichache vya lishe vyenye ushahidi wa kupunguza maumivu ya viungo kwa mbwa, japo dagaa wa kwenye sahani hawafikii kipimo cha tiba. Usimpe kitoweo kilichoungwa kwa vitunguu, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Kipimo cha haraka ni kumpapasa ubavuni. Mbavu zisikike kwa kidole bila kubonyeza sana, lakini zisihesabike kwa macho ukiwa umesimama mbali.

*Mwendo.* Kumfunga kutwa nzima humkaza, na kumkimbiza nguruwe usiku kucha humvunja. Atembezwe mara mbili au tatu kwa siku, dakika 10 hadi 15, polepole, kwenye ardhi ngumu kiasi isiyoteleza. Mchanga mwingi wa pwani unazamisha miguu na kuchosha nyonga. Kesho yake akiamka mgumu kuliko kawaida, jana mlizidisha.

Wataalamu wa nchi nyingine husifu kuogelea, na kwa kiungo ni kweli kunafaa kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili. Lakini mto Rufiji una mamba na viboko, na mbwa mzee mwenye miguu mizito ndiye atakayekuwa wa mwisho kutoka majini. Ushauri huo uachwe kwa wenye mabwawa.

*Kumpunguzia kazi.* Mbebe kuingia mtumbwini, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya mapaja, badala ya kumwacha aruke. Sakafu ya vigae au saruji iliyosuguliwa itandikwe jamvi kuukuu mahali anapopita. Kucha zikatwe, kwa kuwa kucha ndefu hupindisha vidole na kuongeza maumivu juu.

Dawa zipo, ila zina mwenyewe

Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa au kupimwa kwa ajili ya mbwa, kama karprofeni na meloksikamu. Ni ndugu wa diklofenaki, lakini kipimo chake kwa mbwa kinajulikana. Hutolewa kwa uzito wa mbwa, pamoja na chakula, na daktari huuliza kwanza kuhusu figo, ini na dawa nyingine anazotumia. Nazo zisimamishwe mara moja mbwa akitapika au akitoa kinyesi cheusi.

Katika miaka ya karibuni imepatikana pia sindano ya mara moja kwa mwezi, bedinvetmabu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Vidonge vya glukosamini vinavyotangazwa sana vina ushahidi hafifu, na mwenye bajeti ndogo asianze navyo.

Pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kijiji au kata, ambaye ndiye njia ya kumfikia daktari wa mifugo wa halmashauri. Usione haya kumweleza mtaalamu aliyezoea ng'ombe kuwa umeleta mbwa, kwani mbwa yumo katika kazi yake. Kwa matatizo makubwa yanayohitaji picha au upasuaji, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya mateso yanayoweza kuepukika.

Mtoto na mbwa anayeumwa

Mbwa aliyevumilia kukumbatiwa na watoto kwa miaka minane anaweza kumng'ata mmoja wao kwa sababu tu ameegemea nyonga inayouma. Wafundishe watoto kanuni tatu. Mbwa akilala asiamshwe kwa kuguswa, aitwe jina. Asipandwe mgongoni. Akinguruma, mtoto aondoke bila kumwadhibu, kwa sababu huko kunguruma ndiko kuomba kwake. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kung'ata bila kuonya.

Hapa pana tofauti ambayo kila mzazi lazima aijue. Baridi yabisi huja polepole, kwa miezi. Mbwa aliyebadilika ndani ya siku chache, akayumba au kupooza miguu, akatokwa na udenda, akabadilika sauti, akashindwa kumeza au kushambulia ovyo, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asishikwe wala kukandwa. Watoto waondolewe na afisa mifugo apewe taarifa haraka.

Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata yule wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akaangaliwe kama anahitaji chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Jeki mzee naye anastahili chanjo yake ya kila mwaka. Uzee haumkingi.

Siku atakaposhindwa kabisa

Itafika siku dawa na gunia la mabua havitoshi. Mbwa hasimami kwenda haja, hali, na haonyeshi furaha akimwona mtu anayempenda. Kumfukuza porini au kumwacha ng'ambo ya mto si huruma, kwani huko atakufa kwa njaa au kwa mdomo wa mnyama. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu. Mtoto aambiwe ukweli kwa lugha ya umri wake, kwamba Jeki alikuwa anaumwa sana, dawa zimeshindwa, amekufa. Mtoto anayeambiwa kuwa mbwa "amesafiri" atakaa akimsubiri.

Lakini kwa mbwa wengi siku hiyo iko mbali kuliko inavyodhaniwa. Kwa Jeki wa mfano wetu, jibu la bibi kwa mjukuu lingetosha kuanzia leo: "Hapana, hiki ni changu. Twende tukamtafutie mabua makavu, halafu baba ampigie afisa mifugo."

Kisha msimu ujao, mbwa kijana apelekwe kulinda mpunga. Mzee abaki uani na bibi, wote wawili wakisubiri jua litoke.